Hollis Nettles na Asubuhi ya Gayogayo

Hollis Nettles aliendesha basi la shule miaka ishirini na saba bila kumgonga hata kuku, na hilo ndilo jambo la maana alilolifanya maishani. Kwa bahati mbaya, silo alilopenda kulizungumzia. Alipenda kuzungumzia maji. Tangu kaka yake Amos afariki, Hollis alikuwa amejiteua msomaji wa Ghuba ya Mobile, upande wa mashariki, kana kwamba ujuzi ule ni koti linalorithiwa pamoja na vifungo vyake.

Amos alijua kweli. Mwishoni mwa kiangazi, maji ya chini yanapoishiwa pumzi kwa joto, samaki hukimbilia ukingoni na kulala pale hoi, gayogayo juu ya gayogayo, bapa kama sahani, na kaa wakiparamia nguzo za gati. Watu huiita Jubilei. Huja kabla ya jua kuchomoza, hukaa saa moja au mbili, na upepo ukigeuka huondoka. Kwa hiyo mtaa una orodha ya simu: aliyeona humpigia Bi Pruitt, Bi Pruitt humpigia wa pili, wa pili humpigia wa tatu, mpaka mtaa mzima uko majini na makarai. Nyumba isiyo kwenye orodha huamshwa na harufu ya samaki wa wengine kikaangoni. Jina la Nettles lilikuwa la pili kwa miaka arobaini.

Agosti ile Hollis alitangaza Jubilei tatu, na hakuna iliyokuja. Mara ya tatu watu arobaini walisimama ufukweni na nguo za kulalia, taa mikononi, wakiliwa na mbu, wakitazama maji matupu.

"Ndiyo hii, Hollis?" aliuliza Bi Pruitt, mwalimu mstaafu wa miaka themanini, mkuki wa samaki mkononi na rola za nywele kichwani.

"Dalili zote zilikuwepo, Bi Pruitt. Upepo wa mashariki, maji yanajaa, jana mawingu. Na kaa yule pale."

"Huyo hakuja kwa Jubilei," mtu akasema nyuma. "Anapita tu, ana safari zake."

Bi Pruitt alingoja kicheko kiishe. "Mimi ndiye niliyekufundisha hesabu, kwa hiyo hesabu na hii. Ukituamsha bure mara nyingine, jina lenu nalifuta."

Luvenia, mjane wa Amos, aliyeishi nyumba ya pili, alimfuata Hollis mpaka jikoni kwake.

"Shemeji, jina unalolichezea si lako peke yako. Amos alikuwa anakaa kimya kiangazi kizima, anasema mara moja."

"Jubilei mimi naisikia puani, Shem."

"Hayo ni mafua."

Wiki mbili baadaye, alfajiri, Hollis alikuwa peke yake kwenye gati na kikombe chake cha kahawa. Maji yalikuwa yametulia kama mafuta. Kwanza aliona mikunga, wale samaki kama nyoka, vichwa juu, wakitweta ukingoni. Kisha akashusha taa, na mchanga wote chini ukapepesa macho. Ulikuwa umetandikwa gayogayo.

Mtu mwingine angekimbilia simu. Hollis alifikiri. Tuseme ni hawa tu? Tuseme Bi Pruitt akifika wameshakwenda? Akaamua kuhakikisha. Alijaza karai moja liwe ushahidi. Akajaza la pili ili ushahidi uwe na nguvu. Alipofika la nne alikuwa ameshasahau ni kesi gani anayoitafutia ushahidi.

Jua likatoka, upepo ukageukia kusini, na samaki wakajikung'uta, wakarudi kilindini. Luvenia alimkuta ameketi katikati ya makarai, suruali imelowa mpaka kiunoni.

"Umempigia nani?"

"Nilikuwa nahakikisha."

"Na kuhakikisha kunahitaji makarai mangapi, Shemeji?"

Bi Pruitt naye alikuwa ameshafika. Aliyatazama makarai moja moja, bila haraka, kama asahihishaye madaftari.

"Ulisema ukiamshwa bure utafuta jina," Hollis alijitetea. "Niliogopa."

"Kuniamsha bure ningekusamehe mpaka nife. Nilisema vile kukutisha kidogo. Kuniacha nimelala, hapana."

Akageuka kwenda zake, na Hollis akajua anakwenda kutafuta kalamu.

Luvenia hakubishana na mtu. Alipakia makarai yote na Hollis kwenye pikapu, akavaa gauni lake la kanisani, akapita nyumba zote za orodha kwa mpangilio wake. Kwenye kila baraza Hollis alipiga magoti na kisu, akapaa magamba na kutumbua samaki wa wenyewe, huku wenyewe wamekaa juu ya viti wakimuuliza kama pua yake inasikia chochote. Makarai yaliisha yote. Hollis mwenyewe alikula uji wa mahindi, mtupu.

Jioni Bi Pruitt aliliandika jina la Nettles tena, mahali pa pili palepale, na mbele yake namba ya simu ya Luvenia.

"Na mimi nitajuaje?" Hollis aliuliza.

"Utausikia mlango wangu ukifunguliwa," alisema Luvenia. "Kama hujalala fofofo."

Usiku huohuo Hollis alihamishia kitanda chake kwenye dirisha linaloelekea nyumba ya shemejiye. Watu wakimuuliza, husema ni kwa ajili ya upepo.