Marahaba ya Langoni

Mungu alimpa mama yangu mdogo uso wa miaka kumi na tisa, halafu akasahau kuja kuuchukua. Mwenyewe ana miaka hamsini na miwili. Magoti yanajua, kiuno kinajua, kitambulisho kinajua. Uso tu ndio haujapata habari. Wengine wangeshukuru, ila yeye kila siku anarudi kutoka kazini na kidonda kipya.

"Leo mwuguzi wa mafunzo kaniambia, 'Mambo, binti.' Mtoto wa juzi! Ningeweza kumzaa, tena akawa kitindamimba wangu."

Anafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, chini kabisa, kusikokuwa na dirisha. Mashuka huingia upande mmoja yamekunjamana, yakatokea upande wa pili meupe na ya moto. Asubuhi huyachambua kabla hayajaoshwa, na kwa miaka ishirini na sita amejifunza kuyasoma kama barua. Huyu aligeukageuka hadi alfajiri. Huyu alilala kama gogo. Huyu alishika pembe ya shuka akaisokota, ana jambo hajamwambia mtu. Mchana huyakunja ndani ya mvuke, pembe kwa pembe, na akitoka pale nywele zake huwa bado zina ukungu.

Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani na nusu ya stashahada ya kompyuta. Nusu nyingine iko chuoni, tunaheshimiana kwa mbali. Mama, ambaye ndiye dada yake mkubwa, hunitambulisha kwa wageni hivi: "Na huyu ni mwanangu wa mihula mitatu."

Jumamosi moja ya mvua mamdogo alinikuta nacheza gemu. Ni gemu la mji wa kale, wenye kuta ndefu na theluji isiyokoma. Kila mchezaji, huko kwao aliko, anavaa mhusika wake: mfua chuma, mwizi, binti wa mfalme. Tunaongea kwa kuandika, na tunaandika Kiswahili, maana wakazi wa mji ule ni wenzetu. Sheria ni moja tu. Ndani ya lango unasema kama mhusika wako. Ukitaka kusema kama wewe mwenyewe, toka nje, uwanjani.

Mhusika wangu ana kifua kama kabati la nguo. Mimi nikigeuka upande, mama huuliza nimekwenda wapi.

"Na mimi naweza kuwa nani?" mamdogo aliuliza.

"Yeyote. Malkia, jini, chui mwenye mabawa..."

"Nataka bibi."

Nikamtengenezea bibi. Kuna kijistari cha kusogeza makunyanzi ya uso. Nilikisogeza kidogo.

"Ongeza."

"Mamdogo, huyu tayari ana miaka tisini."

"Nimekuuliza umri wake? Ongeza!"

Nilisogeza mpaka kikagota. Uso ukajikunja kama shati lililolaliwa. Mamdogo aliukaribia mpaka pumzi yake ikaacha doa kwenye kioo cha kompyuta, akautazama kitambo, kama mtu aliyeonyeshwa picha ya ndugu waliyepoteana.

"Ndiye huyu," alisema.

Kuanzia hapo, kila siku saa kumi alasiri, bibi alikaa langoni. Gemu halina kitufe cha kukunja mashuka, lakini mamdogo aligundua kwamba ukiinama, ukanyoosha mikono, ukainuka, ukarudia, inafanana. Mimi nilikuwa nimekata vichwa vya majoka matatu na hakuna aliyenipa pole. Yeye alikunja hewa, na watu wakasimama kumtazama. Mwizi alimweleza yanayomkosesha usingizi. Binti wa mfalme alimwuliza kama moyo uliovunjika hupona. Mamdogo aliwajibu kwa kidole kimoja, akiwinda herufi moja moja, na majibu yake yalikuwa yale yale ya mashuka: lala kwa ubavu, usishike pembe, sema.

Alikuwa akiingia mle taratibu, kama mtu aingiavyo maji ya uvuguvugu. Kuna jioni nilimwita mara tatu ndipo akageuka, na macho yaliyogeuka yalikuwa ya mzee. Aliniambia kwamba kazini, mashine zikishachanganya, husikia upepo wa mji ule, na mvuke ukipanda huanza kuuona ukianguka, mweupe, bila sauti, juu ya kuta. Hapo huinama, hunyoosha mikono, huinuka, asijue vizuri yuko wapi. Na hana haraka ya kujua.

Lakini aliyemfunga kwenye kiti kile alikuwa Askari wa Lango. Siku ya kwanza tu alivua kofia yake ya chuma akaandika: "Shikamoo, bibi."

Mamdogo aliondoa mkono kwenye kibodi kama aliyegusa pasi.

"Kaniamkia."

"Basi mwitikie."

Alitafuta herufi H kwa muda wa kuchemsha chai. *Marahaba, mwanangu.* Akaegemea kiti, akafumba macho.

Miezi minane ikawa hivyo. Shikamoo, bibi. Marahaba, mwanangu. Umekula? Usinidanganye. Nimekula, bibi.

Halafu, Jumanne moja, bibi alitoka nje ya lango kuokota kuni. Askari alikuwa uwanjani na mchezaji mwingine, akiongea kama yeye mwenyewe, wala hakumwona. Maneno yakapanda kwenye kioo: *Jana sikuja, mjukuu wangu mkubwa alikuwa anahitimu chuo. Kwa umri wangu wa miaka sabini na minne, sherehe ya saa tano mfululizo ni kifungo.*

Mama alikuwa nyuma yetu na kikombe chake. "Wajukuu za watu wanahitimu," alisema, akitazama dari.

Mamdogo hakucheka. "Sabini na minne. Alikuwa na ndevu mimi nikiwa mgongoni kwa mama! Miezi minane naitikia marahaba kwa mtu wa kunilea. Nimemwita mwanangu. Wiki iliyopita nimemwambia aoshe masikio!"

"Mamdogo, ni gemu. Amemwamkia bibi, si wewe."

"Na aliyeitikia ni nani? Yule bibi ana mdomo wake?"

Jibu labda lilifundishwa muhula wa nne.

"Nikinyamaza, ninamwibia mzee heshima yake," alisema polepole. "Nikisema, ndiyo basi. Nani atamwamkia bibi akishajua ndani mna mkunja mashuka mwenye sura ya binti?"

Siku tatu hakugusa kompyuta. Alirudi kutoka kazini, akala, akakaa dirishani. Mama, ambaye kwa kawaida ulimi wake hauna likizo, alimwekea chai bila neno. Siku ya tatu nikamsikia akimwambia, "Mdogo wangu, unasokota pembe ya kitambaa changu cha meza." Mamdogo aliutazama mkono wake, akauachia.

Jumamosi alikaa kitini. Alimtembeza bibi hadi langoni, akapita, akasimama nje kwenye uwanja mtupu. Askari alimfuata. Mamdogo akaandika, na mimi nilijikaza nisimsaidie hata herufi moja.

*Shikamoo. Mimi si bibi. Nina miaka hamsini na miwili, nakunja mashuka hospitalini. Nilikusikia ukitaja umri wako. Nimekuitikia marahaba miezi minane bila haki. Nisamehe.*

Theluji ilianguka. Askari hakusogea. Ilianguka mpaka mabega yake yakawa meupe, na mamdogo alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

*Marahaba,* aliandika Askari mwishowe. Halafu tena: *Nilikuwa mwalimu mkuu. Tangu nina miaka ishirini na mitatu naamkiwa. Waliobaki wa kuamkiwa na mimi walikwisha wote, wa mwisho alikuwa dada yangu. Mwaka mzima sikulitamka lile neno. Siku nilipokuona langoni unakunja, lilitoka lenyewe.*

Na baada ya kitambo: *Kuhusu masikio, niliosha.*

Mamdogo alicheka, na kicheko kikamponyoka kikawa kitu kingine, akajifuta kwa kiganja.

*Hapa nje wewe niamkie, ni haki yangu,* aliandika mzee. *Lakini tukiingia ndani usininyang'anye bibi yangu.*

Hakungoja jibu. Alipita lango, akageuka, akavua kofia. Mamdogo alimwingiza bibi nyuma yake, hatua kwa hatua.

*Shikamoo, bibi.*

Kidole kilining'inia juu ya kibodi. *Marahaba,* aliandika, akasita, akanigeukia na ule uso wake wa miaka kumi na tisa.

"Na 'mwanangu' niiweke?"

"Wewe unaonaje, mamdogo?"

Alifikiri. Akarudi kwenye kioo, akawinda herufi zake moja moja.

*Marahaba, mwanangu. Mbona viatu vimelowa?*