Kitalu Nilichochimba Karibu Mno na Maji

Mke wa shemeji yangu alikuwa na kila kitu, na bado alikuwa na roho nzuri. Hilo la mwisho ndilo lililonikera zaidi. Waume zetu, ndugu wawili, walituhamisha kutoka Kisii miaka ya sitini, wakanunua mashamba yanayopakana karibu na Litein. Lake lilikuwa juu, langu likashuka hadi mtoni. Yeye ndiye aliyeezeka mabati kwanza. Mama mkwe alikunywa chai kwake. Kwangu alipita kusalimia tu.

Kwa hiyo tulipoanza kuotesha miche ya chai, niliapa yangu ingeipita yake. Nilichimba kitalu hatua chache kutoka majini, nisihangaike na ndoo. Na kweli ikaipita! Kila Jumapili baada ya kanisa nilimpitisha pale makusudi aione. Aliisifu.

Kisha mvua ikanyesha wiki nzima. Mto ukawa mwekundu, ukaanza kuburuta magogo. Tulipandisha mahindi darini, tukapeleka mbuzi juu kwake. Akateremka na vikapu viwili.

"Dada, hizi miche tubebe zote twende kwangu. Hii mto haiogopi mtu."

Nilijua anasema kweli. Lakini akilini niliiona miche yangu imepangwa kando ya yake, na watu wakisema, kumbe huyu mama ana kitalu kikubwa hivi. Nikamwambia mto haujawahi kufika pale. Aliniangalia, akapanda na vikapu vitupu.

Asubuhi kitalu hakikuwepo. Kulikuwa na maji tu, na kuku wa mtu juu ya mti.

Maji yalipopungua tulikwangua matope sakafuni, tukaanika magodoro. Akaniletea nusu ya miche yake, tena ile mirefu. Ningekataa vipi? Bila miche, shamba lingebaki magugu na watoto wangekaa nyumbani bila shule. Nilisema asante kwa sauti mbaya, hata mimi niliisikia.

Miaka mitatu baadaye, kwenye kituo cha kuuzia majani, karani aliinua majani yangu mbele ya foleni nzima, akasema siku hiyo hakuna aliyeleta mazuri kama hayo. Niligeuka haraka nimtazame mke wa shemeji usoni. Tangu niolewe nilikuwa nikingoja anionee wivu, hata kidogo tu. Alikuwa akinipigia makofi, kikapu mgongoni, anacheka kwa furaha. Nikalia palepale, na watu wakadhani nimefurahi.