Mitende ya Babu Huko Tanuf

Shangazi yangu alikaa Omani zaidi ya miaka ishirini kabla hajaikanyaga Tanuf, kijiji alichozaliwa baba yake. Mwenyewe kazaliwa Unguja. Tulipohamia huku aliolewa Ibra, akalea wanawe, akazeeka, na kila aliyemuahidi kumpeleka alikuwa na shughuli zake. Mwishoni mwa miaka ya tisini nikapata leseni na kigari kikuukuu, nikamwambia, "Shangazi, Alkhamisi nakupeleka mie."

Alikuja na chupa ya chai, sambusa, na msala wake ndani ya mfuko wa plastiki.

Tulianzia ngome ya Nizwa. Alipanda ngazi za mnara akishika ukuta, nami nyuma yake roho mkononi. Kule juu aliitazama mitende iliyoenea mpaka vilimani, akasema, "Baba alikuwa hatii chumvi akitusimulia mitende ya huku." Kisha akataka tuondoke.

Tanuf ya zamani ni magofu. Ilibomolewa vitani, Babu keshakwenda Unguja zamani. Tulikuta kuta za udongo, na msikiti usio na paa ambao mihrabu yake ingalipo. Shangazi alitia udhu mferejini, akatandika msala juu ya changarawe, akasali rakaa mbili.

Yuko katika sijda, akatokea mzee mmoja kutoka shambani, mundu mkononi. Nilidhani atatufukuza. Alingoja mpaka Shangazi akatoa salamu ya kumaliza sala, ndipo akauliza kwa Kiarabu, "Nyinyi wa nani?"

Kiarabu cha Shangazi kilishachekwa sana, kwa hivyo kawaida alinisukuma mie mbele. Siku ile alijibu mwenyewe. Akataja jina la baba yake, la babu yake, na la kabila lao.

Mzee akaketi juu ya ukuta uliobomoka. Akaionesha mitende mitatu ng'ambo ya mfereji, akasema maneno mengi kwa upole. Shangazi akanigeukia. "Kasemaje?"

Nikamfasiria. Ile mitende ni ya Babu. Aliposafiri alimuachia mama wa mzee huyu aitunze, na mama alipokufa akamuusia mwanawe. Miwili ilikufa, wakapanda machipukizi yake pale pale.

"Matunda tumekula," mzee aliendelea, nami nikifasiri. "Kila msimu tunakuombeeni dua. Hatukujua kama mko hai. Tusameheni."

Shangazi alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Mwambie hakuna cha kusamehe. Mwambie Baba akisema kaacha watu wema huku, na sisi tukidhani anajiliwaza tu."

Mzee alitaka kumrudishia mitende yake siku ile ile. Shangazi alikataa, akamuomba waendelee kula na kuomba dua. Mchana tulikula wali kwa nyama nyumbani kwao, kijiji kipya, na mke wa mzee akamlisha Shangazi kwa mkono wake kama bibi harusi.

Tulirudi kila mavuno kwa miaka kadhaa. Mpaka leo namshukuru Mungu kwamba sikuahirisha Alkhamisi ile. Shangazi alipokuwa hawezi tena safari, yule mzee alikuja mwenyewe Ibra kwa teksi, kapakata kikapu cha tende mbivu, akakaa naye mpaka Alasiri.