Golikipa Aliyefundishwa Kudaka

Nilikuwa golikipa wa timu yetu hapa Kawangware, na sifa zilikuwa zimenivimbisha kichwa. Jumamosi moja Mwalimu Rasoa, ambaye hufundisha watoto wanaochelewa kushika mambo pale uani kwa kanisa, aliniomba nicheze nao.

Mimi nikawaonea huruma. Kila walipopiga mpira wa makaratasi nilijitupa upande mwingine na kugaagaa kwenye vumbi, ili wafunge wafurahi. Nilidhani huo ndio utu. Hakuna aliyefurahi.

Atieno, msichana wa miaka saba, akanijia, akanishika mikono na kuipanua. "Fungua mikono," akaniambia. "Angalia mpira. Usiogope."

Mwalimu akaninong'oneza, "Maneno hayo nimemwambia muhula mzima. Sijawahi kumsikia akiyasema."

Nikaiacha mikono wazi. Atieno akarudi nyuma, akanirushia mpira. Safari hii nilidaka kwa moyo wangu wote, na darasa zima likanipigia makofi, jinsi wanavyopigiana wenyewe.

Wachezaji wenzangu wa timu walikuwa wamejazana kando ya ua, wakitazama. Atieno akamgeukia mwalimu, akapaza sauti:

"Ticha, huyu pia ataweza. Pole pole tu."