Ng'ombe Niliyemuchinja Mbele ya Jumapili ya Mwisho

Mimi nilisoma mpaka mwaka wa pili wa shule ya primaire, basi. Lakini mutu akitaka kuona akili yangu, asimame pale mutaa wetu wa Kadutu ainue macho: nyumba tatu za matofali ya kuchoma, mabati juu, vioo kwenye madirisha. Hakuna tonton wala ndugu mwenye pesa aliyenishika mukono. Nilianza kwa kubeba muchanga kichwani toka kando ya ziwa, nikawa maçon, fundi wa kujenga, leo niko na kamio yangu mwenyewe, lori la kubeba matofali. Ninasema hayo ili musomaji ajue kwamba aliyedanganywa na ile hesabu hakuwa mujinga.

Ilikuwa miaka ile serikali ilipotukataza majina yetu ya ubatizo, tukaanza kuitana citoyen, mwananchi. Watu wa sala walitikisika. Jina ambalo padri alikupa na maji, asubuhi moja halipo tena. Ndipo muhubiri mumoja akatufikia, mutu wa mbali, akatundika kwenye uwanja wa mujane mumoja kitambaa kilichochorwa wanyama wenye pembe. Akasema, "Leo wamechukua jina lako. Kesho watakupa alama." Kisha akashika chaki. Miaka ya nabii, ongeza hii, toa ile. Ikatoka siku ya Bwana kurudi: Jumapili ya kwanza ya mvua, mwezi wa tisa.

Mapadri walituambia hata Mwana hajui siku wala saa. Lakini mimi nilikuwa mutu wa hesabu: nikiangalia ukuta, najua utakula matofali mangapi. Nilifuata chaki ya yule muhubiri toka juu mpaka chini, hesabu ikatoka sawa, hakikubaki kitu. Nilifurahi kuona kwamba nimeelewa jambo ambalo mapadri na miwani yao hawakulielewa. Wengine waliingia kwa woga. Mimi niliingia kwa kiburi.

Sasa, nilikuwa na muchumba kule Mudaka, kijiji cha milimani. Alikuwa anashuka mujini na ndizi siku za soko, na kicheko chake ulikisikia mbele ya kumuona yeye. Baba yake alitaka mutamba mumoja, ng'ombe jike asiyezaa bado. Kwetu Bashi, bila huyo ng'ombe, hata ulete nini, binti bado ni wa baba yake. Na mutamba nilikuwa naye, alikuwa anakula majani kwa mujomba wangu. Ilibaki tu kumupeleka kule juu Mudaka asubuhi moja, watu wote wakiona.

Nilipanda Mudaka mikono mitupu, kumueleza muzee kwamba haina maana tena, kwa kuwa ilibaki miezi mitatu na mbinguni hawaoi.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akisafisha kiko chake.

"Kwa hiyo Bwana anakuja?"

"Anakuja, papa."

"Mwezi wa tisa?"

"Jumapili ya kwanza ya mvua."

"Vizuri. Leta ng'ombe. Bwana akija, amukute kwangu."

Wamama walicheka jikoni. Nikakasirika. "Papa, unacheka neno la Mungu."

"Neno la Mungu sijalicheka. Ninacheka maçon."

Binti alinisindikiza mpaka barabarani, jembe begani. "Wewe," akasema, "nyumba za watu unazichimbia fondasio mpaka kiunoni. Ya kwetu, hata jiwe moja?"

"Yetu iko juu."

"Nani alikuambia ninataka juu? Mimi ninataka Kadutu!" Akacheka. Kisha hakucheka tena. "Nitakungoja. Lakini usikawie, mimi si mulima."

Wandugu wa sala walikuwa wameacha mashamba bila kulima, kwa nini walime? Mwezi wa nane njaa ikaingia. Mimi, kwa kuwa nilitaka kila mutu aone nani ametoa kikubwa, nikaleta mutamba wangu, tukamuchinja. Nyama iliisha siku mbili.

Jumapili ile tulipanda kilima juu ya muji, nguo nyeupe, tangu asubuhi. Tuliona ziwa lote, na milima ya Rwanda ng'ambo. Watoto walilia. Saa kumi mvua ikatupiga. Muhubiri akasema tuombe zaidi, tukafunga macho. Tulipoyafungua, tulimuona mugongo tu, anashuka. Nasi tukashuka tukiteleza matopeni, hakuna aliyemuangalia mwenzake. Ile mvua ilikuwa ya kupanda maharagi, na hatukuwa na mbegu.

Kwamba Bwana atarudi, ninaamini, ninaungama kila Jumapili. Lakini vijana wakiniletea leo makaratasi ya vita na namba za mwisho wa dunia, ninawauliza kwanza kama wamepanda. Yule anayekuambia siku hakuongezei imani. Anakutoa tu kazini na kwa watu wako.

Jumatatu ile ningeweza kupanda Mudaka na kinywa tu: papa, nilikosea. Niliogopa kicheko chake. Nikaapa sitaonekana kule bila ng'ombe muzuri kuliko wa kwanza. Nikajenga kama mwenye wazimu, karibu mwaka. Miezi mitatu aliniibia muhubiri. Ile mingine nilijiibia mwenyewe.

Siku nilipofika, muzee alizunguka mutamba, akamushika mugongo. Mweusi, mnono, hana kasoro.

"Ni muzuri," akasema. "Umekawia, mutoto wangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita mutoto wake. Binti ameolewa, alisema, na mwanaume wa kuchimba dhahabu, amemupeleka Shabunda, kule porini. Kisha akaongeza polepole: "Siku yako ilipopita, alikuwa anakaa pale barabarani kila soko. Anatuambia: sasa atakuja, hana tena sababu."

Kwetu mutamba anapanda kwa wakwe, hashuki. Nilimushusha saa sita ya muchana. Wamama waliotoka sokoni walisogea kando wakanipisha. Mumoja tu, mukongwe, akasema, "Pole."

Niko na bibi na watoto saba, ninamushukuru Mungu. Lakini kamio yangu ikipita Mudaka siku ya soko, ninamwambia shofere apunguze mwendo. Ninaangalia wamama waliokaa na ndizi zao kando ya barabara, mumoja mumoja, mpaka wa mwisho. Shofere anadhani ninaogopa mashimo.