Kurasa Tatu za Daftari la Baba

Nakumbuka siku ya arobaini ya baba, pale nyumbani kwetu Muhima, niliposimama mbele ya ukoo mzima na karatasi mkononi. Mwanangu, nimesikia unaandika habari za marehemu mama yako, na tayari umeanza kuwashuku ndugu zako. Basi tulia kidogo unisikilize.

Baba alikuwa fundi wa kushona. Alituachia nyumba, cherehani moja, na daftari alimoandika habari za familia: nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki. Dada yangu mkubwa, Mwamini, ndiye aliyemuuguza, kwa hiyo daftari lilibaki kwake. Nilipoliomba, alisita. Aliponipa, nikaona kurasa tatu zimechanwa.

"Dada, kurasa nyingine ziko wapi?"

"Usiniulize mimi," alisema, akageukia sufuria yake.

Mimi nikaona hilo ni jibu la mwizi. Nikajiambia kwamba baba aliandika humo nani arithi nyumba, na dada kaficha. Kuanzia hapo kila alichofanya kilinipa ushahidi. Akifunga kabati, anaficha. Akinong'ona na mama, wanapanga. Akinitilia sukari nyingi kwenye chai, kama nipendavyo, ananilainisha. Nilikuwa kijana, na nilijiona msomi. Nikakaa nikaandika juu ya uchungu wa kufiwa na baba, maneno mazuri kweli, na katikati yake nikaweka jina la dada na neno "mwizi".

Hayo ndiyo niliyowasomea watu siku ile. Vichwa viliinama. Mwamini alimtazama mama tu. Mama hakujua kusoma. Alinyanyuka, akaingia chumbani, akarudi na karatasi zilizokunjwa.

"Haya, soma na hizi."

Ulikuwa mwandiko wa baba. Aliandika juu ya mtoto wao wa kwanza, Zubeda, aliyechukuliwa na homa akiwa na miezi saba. Jinsi alivyojifunza kusimama kwa kushika mguu wa cherehani. Jinsi mama alivyokataa nguo zake zifuliwe. Jina hilo sikuwahi kulisikia. Sikufika mwisho, nikazikunja karatasi.

"Mimi ndiye niliyemwambia Mwamini azichane," mama alisema. "Ananisomea nikimkumbuka mwanangu. Sikutaka watu wamjadili. Sasa umemtoa mbele ya watu."

Mwamini alihamia Kagugu, na miaka minne hakukanyaga kwangu. Nilipokwenda kumwomba radhi alinikaribisha vizuri, akanipa chakula.

"Nimekusamehe, mdogo wangu," alisema. "Lakini usiniandike tena."

Hata haya nisingekusimulia kama hangeniruhusu. Na sikudanganyi, mwanangu, shaka haijaniisha. Hata leo nikiona watu wawili wamenyamaza nilipoingia, moyo unaruka. Tofauti ni kwamba siku hizi nakaa nao, nauliza, na nikinyimwa jibu nasubiri.

Kwa hiyo andika, lakini anza kwa kusoma polepole alichoacha mama yako. Palipo na pengo, usilijaze kwa jina la ndugu yako. Si kila walichoacha wazazi wetu walituachia sisi. Kuna kingine ni cha mtu mmoja tu, naye ana haki ya kukifunga.

Mungu ampumzishe mama yako. Akupe subira unaposhika kalamu, na ndugu zako wakusome bila kuinamisha vichwa. Amina.