Bi Taratibu na Rubani wa Mawinguni

Kwenye mnara wa kuongozea ndege tunamwita Bi Taratibu. Nyumbani mumewe hulalamika kwamba alioa redio isiyo na betri. Miaka ishirini na minane ameongoza ndege kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya, na mimi ninayekaa kiti cha pili nakiri sauti hiyo ilikuwa ikiniudhi.

Asubuhi moja rubani mwanafunzi, peke yake kwenye ndege ndogo, aliingia mawinguni. Hakuwa amefundishwa kuruka bila kuona ardhi.

"Mnara, sioni kitu! Sijui hata kama nimenyooka."

"Nakuona kwenye rada, mwanangu," alisema Bi Taratibu. "Tazama kipimo cha mabawa mbele yako. Yamelala sawa?"

"Yameinama kushoto."

"Yanyanyue kidogo. Kidogo tu, halafu niambie."

Kanuni yetu ilitaka ndege yenye dharura ihamie masafa ya redio ya peke yake, mbali na kelele za wengine. Mkubwa wetu, ambaye kila mkutano hutukumbusha kwamba haraka haraka haina baraka, alikuja mbio.

"Mwambie abadilishe masafa!"

"Huyu habadilishi," alijibu Bi Taratibu bila kugeuka, kisha akabonyeza kitufe. "Ndege nyingine zote, hamieni masafa ya pili. Msijibu."

Kwenye masafa hayo nikapokea ndege tisa kwa mpigo, jasho likinitoka, huku mkubwa akifoka nyuma yetu.

Kwa dakika kumi na moja Bi Taratibu alimpa kijana kazi moja moja. Kijana akinyamaza sana, alimwambia, "Nipo." Basi. Hatimaye mawingu yakaachia, kijana akauona uwanja, akatua akirukaruka kama chura. Mimi nililia, wala sioni haya kusema. Bi Taratibu aliomba chai.

Mkubwa alimletea karatasi: aeleze kwa maandishi kwa nini alivunja kanuni. Bi Taratibu alikuwa amebakiza miezi minne astaafu, na unga ulikuwa karibu kumwagika. Aliandika palepale, kikombe mkononi:

"Mwaka wangu wa pili kazini nilikuwa na rubani mwingine mawinguni. Nilifuata kanuni. Aliinama kugeuza kitufe cha redio, na ndege ikainama naye. Kwenye masafa mapya nilimwita mara arobaini."

Mkubwa alianza kuisoma amesimama. Alipofika mwisho alikuwa ameketi.